Vinyozi wasizungushe shingo za wateja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi vinyozi wetu wa Kisumu waache desturi ya kumshika mteja kidevu na kisogo baada ya kumnyoa, kisha kumzungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Mimi ni fundi cherehani, kazi ya kuinama kutwa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mlio ule ndio tiba, hadi siku niliyoinuka kwenye kiti cha kinyozi nikiwa siwezi kutazama kulia. Kuvuka barabara pale Kondele kulinilazimu kugeuza kiwiliwili kizima ili nione magari.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, niliyemwendea hakunigusa mara moja. Aliniuliza kwanza kama niliwahi kuanguka, kama vidole vinakufa ganzi, kama naona kizunguzungu au vitu viwili viwili, na kama kumeza kunanipa shida, kwani dalili hizo zingemfanya anipeleke kwa daktari. Kisha alinilaza chali, akapapasa shingo pingili baada ya pingili, na ile iliyokakamaa akawa anaibonyeza na kuiachia polepole. Baadaye aliniwekea kiganja shavuni, akaniambia nikisukume kidogo tu bila kichwa kusogea, akahesabu hadi saba, akaniagiza nishushe pumzi na kulegea, na papo hapo akakigeuza kichwa kupita kidogo pale kilipokuwa kimekwama. Aliporudia mara ya tatu nililiona dirisha la upande wa kulia. Shingo haikulia hata mara moja. Akanipa na mazoezi ya kufanya nyumbani, maana kukandwa peke yake hakudumu.

Alinieleza kuwa mlio tunaoupenda ni wa gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake. Shingo ina pingili 7, na karibu nusu ya mgeuko wa kichwa hutokea kati ya zile mbili za juu kabisa; katika matundu ya pingili za shingo hupita mishipa inayopeleka damu sehemu ya nyuma ya ubongo. Kichwa kikizungushwa kwa kishindo, utando wa ndani wa mshipa huweza kuchanika, damu ikaganda, na mtu akapatwa na kiharusi. Ni nadra kutokea, lakini kinyozi hana njia ya kumtambua mteja aliye hatarini.

Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayotaka watoa huduma ya fiziotherapia wawe wamesajiliwa. Sitaki vinyozi wakamatwe. Naomba serikali ya kaunti iwatume wataalamu wake wakawaonyeshe mahali pa kukanda na mahali pa kuacha. Kinyozi wangu nilimweleza haya, naye siku hizi hunikanda mabega tu.

Fundi cherehani,
Kisumu.