Hakuna dawa niliyokunywa, shoga

Ngamiani, Tanga
9 Novemba 2025

Mama Rahma, shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku kwetu wazima, ila joto limeanza mapema. Zile sauti zako nne za WhatsApp nimezisikiliza zote, na ya mwisho nimeirudia kwa ajili ya kicheko chako. Yaani umeona picha za harusi ya mdogo wangu, ukaniuliza hali mara moja, halafu mara sita ukaniuliza nimekunywa dawa gani ya kupungua! Nimeona bora nikuandikie, niifunge barua ndani ya mzigo wako. Nikiyasema kwa simu mama atasikia, na mama ana maneno.

Hakuna dawa, shoga. Tena kuhusu dawa nina kesi na wewe. Ile chai uliyonitumia kutoka Muscat mwaka juzi, yenye picha ya kiuno cha nyigu, sikukwambia ilinifanya nini. Usiku wa kwanza nilihamia chooni. Asubuhi bibi akanusa majani akacheka mpaka akakaa chini: "Si sanamaki hii?" Ni ileile waliyotunywesha utotoni kusafisha tumbo, imevalishwa pakiti tu. Wiki ile nilipungua kilo tatu, nikatamba mtaa mzima. Nilipoiacha zikarudi zote, maana yalitoka maji na choo. Mafuta yalikuwa yamekaa palepale kiunoni, yananitazama.

Lakini ngoja nikupe siri ya mafundi. Wewe ukinenepa, nguo inakusema. Mimi ninayejishonea, gauni likibana nafungua mshono, naachia inchi mbili, maisha yanaendelea. Miaka sita nimeishi hivyo. Kila mteja nampima kifua, kiuno na nyonga, nayaandika kwenye daftari, lakini futi kamba haijawahi kunizunguka mimi. Hadi siku nimeshika gauni langu la Idi nataka kuliachia, nikakuta mshono umekwisha. Hakuna kitambaa cha kuachia. Nikafunga mlango wa kibanda nikajipima. Kiuno inchi 45. Nikarudia, nikasema labda futi imevutika!

Ndipo nikaenda kupima na presha: 150 kwa 95. Kilo 96, urefu sentimita 160. Sista akagawa uzito kwa urefu mara urefu, ikaja 37 na nusu, akanieleza kwamba kuanzia 30 tayari umepitiliza. Nikamwambia nilishaacha wanga ikashindikana. Na ni kweli niliacha, wiki tatu nzima, nyama na mayai tu, nikapungua kilo sita. Akasema kilo za mwanzo nyingi ni maji, kwa sababu akiba ya wanga mwilini hukaa na maji yake, na ikiisha maji nayo huondoka. Mimi kilichonishinda ni mfuko. Nyama kila siku kwa pesa ya cherehani, na watoto wanakutolea macho? Wiki ya nne kulikuwa na maulidi jirani, ikaletwa sinia ya pilau. Sina la kujitetea.

Sista hakunipa karatasi ya vyakula. Aliniambia niandike kila kinachoingia mdomoni kwa wiki mbili, bila kubadilisha kitu. Nikafungua ukurasa kwenye daftari la vipimo, katikati ya wateja, nikajiandika kama mteja. Shoga, niliona aibu peke yangu. Milo yenyewe haikuwa ya kutisha. Ila chai vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Fanya hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema ukitaka salama zaidi usizidi kama vijiko sita kwa siku, na hapo inahesabiwa na sukari ya soda. Halafu kashata na visheti vya wateja, "fundi onja". Halafu makombo ya watoto, maana kutupa chakula ni dhambi, basi jaa likawa tumbo langu. Na chakula kikuu nilikuwa nakula saa nne usiku nikifunga kazi, sahani mlima, kisha kitandani.

Basi nikaanza na hayo, vyakula vyenyewe ni vilevile vya Tanga. Sukari nilishusha kijiko kimoja kila mwezi, sasa nipo kwenye kimoja na chai ya jirani naiona kama uji wa mtoto. Chakula cha usiku nakula nikishaswali magharibi, basi. Sahani nusu mboga: mchunga, kisamvu, matembele. Robo samaki, robo ugali au wali. Kasimile siweki tena, napikia tui la pili. Baba watoto alinuna wiki nzima, akasema kisamvu kimefiwa. Makombo wanakula kuku wa jirani.

Na natembea. Alfajiri, baibui na raba, kutoka hapa mpaka Raskazone na kurudi. Siku za mwanzo kila niliyepishana naye aliniuliza: "Kuna msiba wapi?" Mwanamke mzima anatembea haraka saa kumi na mbili, lazima kuna mtu kafa.

Usidhani nimeteleza kama ganda la ndizi. Imechukua mwaka na miezi miwili. Miezi miwili mizima mizani iligoma kwenye 84. Ramadhani niliongeza kilo tatu, na wanaosema kufunga kunapunguza mwili hawajakaa na futari ya mama: mihogo ya nazi, tambi, kalmati zimelala kwenye shira. Leo nina kilo 81, kiuno 38, presha imeshuka na sista ameridhika. Kwa hesabu yake bado nimepitiliza, najua. Nyama uzembe za mikono nazo hazijasikia habari yoyote.

Kilichoniuma zaidi ya njaa ni midomo. Nilipokuwa 96 nilisifiwa: umependeza, ndoa imekukubali. Nilipofika 85 wakaanza kunong'ona. Mmoja akauliza kama baba watoto kaoa. Mwingine akamuuliza dada yangu kama nimepima, unajua alichokusudia. Mama ndiye kila siku: "Nani anakutesa, mwanangu?" Nilimwonyesha cheti cha presha, akakitazama, akaniwekea kipande cha mkate wa kumimina. Nilikula nusu. Kwa mama hupati zaidi ya hapo.

Haya, la mzigo wako. Vitenge viwili na dera nimeshamaliza, vimo humu. Gauni la kitchen party bado sijalikata, na kosa ni lako. Vipimo ulivyonitumia nimevifananisha na daftari langu la zamani, ni vilevile vya harusi yako ya 2011, mpaka nusu inchi. Shoga, tumezaa watoto wangapi tangu wakati huo? Mwite Rahma akupime leo, simama wima, usivute tumbo ndani, apige picha futi ikiwa mwilini anitumie. Mishono nitakuachia inchi moja tu.

Wasalimie wote,
Fundi wako