Tangi la bahari ndani ya muzigo: kabla hujanunua filta, angalia chumba chako

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote. Naomba nafasi niongelee kitu ambacho wengine wataona ni cha watu wenye sente za kuchezea, lakini hapa Kampala kimeshafika mpaka kwa watu wa kawaida, nacho ni haya matangi ya samaki wa maji ya chumvi. Zamani uliyaona hotelini tu au mapokezi ya ofisi kubwa, sasa hivi kijana amepanga muzigo wake mmoja, yaani chumba cha kupanga, Kisaasi au Kireka, ana kitanda, ana tivii, jiko la gesi liko karibu na mlango, na bado anataka kona ibaki ya yule samaki wa rangi ya machungwa mwenye mikanda myeupe ambaye watoto wote wanamjua kwa sababu ya katuni. Sina ubaya na hilo, hata mimi nafuga. Ugomvi wangu ni filta wanazouziwa.

Wauzaji wetu wengi wamezoea samaki wa maji ya ziwa, na ukiwaambia unataka la bahari wanakuuzia vifaa vilevile alafu wanaongeza mfuko wa chumvi. Ukisema tangi langu ni la lita 80 au 100 na nafasi yangu ni finyu, kitu cha kwanza kinachoshushwa kwenye shelfu ni kanista, ile ndoo ya plastiki yenye mipira miwili inayokaa chini ya meza, na utaambiwa hii inabeba hata lita 300 kwa hiyo wewe utalala usingizi mzuri. Inaonekana mashine ya maana kwelikweli, na ndiyo maana inauzika.

Sasa wacha niseme kinachofanyika ndani ya maji. Samaki anakula, anakunya, anatoa amonia, na amonia ni sumu, na kwenye maji ya bahari ambayo pH yake inatakiwa kuwa kama 8.1 mpaka 8.4 inakuwa kali zaidi kuliko kwenye maji mengi ya mto au ziwa. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo si nzuri, alafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka kiwango fulani. Hao bakteria hawana habari na brandi ya filta yako, wanachotaka ni sehemu ya kujishikiza yenye matundu mengi na maji yenye hewa yanayopita. Kwenye tangi la bahari sehemu hiyo ni mawe, yale mawe ya matumbawe yenye vitundu, na wafugaji wengi wanaanzia kwenye kilo moja ya mawe kwa kila lita nane za maji, yaani lita 100 unaweka kama kilo 12. Mawe makavu yanatosha, ila uyape muda, mara nyingi wiki nne mpaka sita kabla ya samaki yeyote kuingia, huku unapima amonia na nitriti mpaka zote zisome sifuri. Kwa hiyo mtu wa muzigo filta yake kubwa iko ndani ya tangi tayari, haili nafasi nyingine na haili Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, anachohitaji ni kapampu kadogo ka kusukuma maji yapite kwenye mawe, wati chache tu.

Kanista si kifaa kibaya. Ni kibaya kwa maisha yetu. Umeme unaweza kukatika saa yoyote, ama transfoma ya mtaani imelipuka ama Yaka imeisha saa nane za usiku na wewe umelala, na hapo ile ndoo imefungwa kabisa, hakuna hewa inayoingia, bakteria waliomo ndani wanamaliza oksijeni kidogo iliyopo na baada ya saa kadhaa wanaanza kufa na uchafu unaanza kuoza humohumo. Umeme ukirudi pampu inawaka yenyewe na kuyamwaga yale maji yote kwa samaki. Mtu anaamka asubuhi anakuta samaki wanahema juujuu ya maji, anadhani chumvi ilikuwa mbovu. Alafu hata kama umeme haukatiki, kanista inakusanya mabaki ya chakula mahali usipopaona, na yasipotolewa mara kwa mara yanageuka nitrati, kwa hiyo inabidi uifungue uoshe, na banange kwenye muzigo usio na sinki utaifungulia wapi hiyo ndoo ya maji ya chumvi yenye harufu, kwenye beseni la vyombo?

Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilitaja, nalo ni oksijeni. Maji ya bahari yanashika oksijeni pungufu kuliko maji ya kawaida, kwenye nyuzi 25 ni karibu moja ya tano pungufu. Na Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo, kwa hiyo inapungua tena zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na mtu anayefuga Mombasa. Samaki wako anaishi na akiba ndogo kuliko ya mwenzake wa pwani, ndio maana mimi nikichagua kifaa cha tangi dogo hapa kwetu jambo la kwanza naangalia kinaingiza hewa kiasi gani, kusafisha kunafuata.

Kwa hesabu hiyo skima ndiyo inayonivutia. Skima inapiga mapovu madogomadogo sana ndani ya bomba la maji, na uchafu wa protini unanata kwenye mapovu na kupanda nayo mpaka kikombe cha juu, kama lile povu chafu unaloengua maharage yakianza kuchemka. Uzuri wake ni kwamba uchafu unatoka kabisa kwenye maji kabla haujaoza kuwa amonia, wakati filta nyingine nyingi zinaushika tu na kuuacha humohumo mpaka uje uutoe kwa mkono, na wakati huohuo hewa inachanganywa na maji muda wote. Kwenye maji ya ziwa mapovu hayawi madogo na mazito kiasi hicho ndio maana wenye samaki wa kawaida hawaijui. Kwa nafasi finyu ipo ya kuning'iniza nyuma ya kioo. Umeme ukikatika inanyamaza tu, hakuna kinachooza ndani yake, ingawa ukirudi inaweza kuchachamaa kidogo na kikombe kikafurika, kwa hiyo usiitegeshe ijae mpaka mdomoni. Siku za mwanzo itatoa mapovu ya ajabuajabu mpaka itulie, na inapiga kelele kiasi, anayelala kichwa chake kikiwa karibu na tangi ajue hilo mapema. Na apime nyuma, atahitaji sentimita 12 au 15 kati ya tangi na ukuta, wengi wanasukuma tangi mpaka likagusa ukuta, wanajaza maji, ndipo wanakumbuka. Lita 100 zikishajaa pamoja na mawe na kioo zinapita kilo 120, hulisogezi.

Filta ya kawaida ya kuning'iniza, ile yenye maporomoko madogo, nayo inafaa na bei yake ni ya chini. Maji yanaporudi yakianguka yanavunja uso wa tangi na hewa inaingia. Ndani yake weka kamfuko ka kaboni na sponji unayoisuuza kila wiki, usijaze takataka nyingine. Ila ulize dukani kama inaanza yenyewe umeme ukirudi, kwa sababu kuna zinazopoteza maji kwenye bomba na kubaki zinanguruma kavu mpaka uje uzijaze kwa kikombe.

Sampu, lile tangi la pili linalokaa chini ndani ya kabati, wajuzi wengi watakuambia ndiyo bora kuliko zote na sibishani nao, inaongeza maji, inaficha hita na skima. Lakini inataka kabati, inataka kioo kilichotobolewa vizuri, na pampu ikizimika maji ya juu yanashuka mpaka yafike usawa wa tundu, kwa hiyo sampu lazima ibaki na nafasi tupu ya kuyapokea. Ukiijaza mpaka juu siku ya umeme kukatika godoro lako litaogelea. Kwa wenye sebule, sawa. Kwa muzigo mimi sishauri.

Yako pia matangi yanayokuja yakiwa na chumba cha filta nyuma ya kioo cha ndani, kila kitu kimo humo na mbele ni pasafi. Ukiweza kulipata hilo chukua, ila kumbuka maji yakikauka yanapungua kwenye kile chumba cha mwisho chenye pampu, pampu ikivuta hewa inaungua. Unaongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Hili bado linawashinda watu, wanaongeza ya chumvi kila siku mpaka tangi linageuka lile ziwa la chumvi la Katwe.

Na kwa kuwa nimetaja Katwe, kuna ndugu zetu wanafikiri ile chumvi ya kule Kasese itapunguza gharama. Haifai. Ile ina kaboneti na salfeti nyingi na haina kalsiamu na magnesiamu kwa kiasi cha bahari. Inahitajika chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu, gramu kama 35 kwa lita, na upime uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu mpaka kipimo kisome 1.025. Maji ya bomba yana klorini, yatie dawa ya kuiondoa kwanza, klorini inaua bakteria wale wale tunaowahangaikia.

Sasa mtu mwenye lita 100 akibadilisha jerikani moja ya lita 20 kila wiki, hiyo ni asilimia 20, na hakuna filta ya dukani inayoshusha nitrati kwa uhakika kama hiyo jerikani. Tangi likiwa chini ya lita 70 hivi hata skima unaweza kuiacha ukabaki na mawe, pampu na jerikani. Muuzaji hafurahi kusikia hivyo, najua. Pesa ya kanista mimi ningeigawanya, nusu iende kwenye mawe mazuri na nusu inunue kapampu ka hewa ka betri, kale kanakojiwasha umeme ukikatika, na sponji yake. Ni kitu kidogo mno na usiku wa giza ndicho kinachoamua kama samaki wataiona asubuhi.

Idadi nayo ni sehemu ya filta. Wale wa machungwa wawili wanatosha lita 100. Yule wa bluu mwenye mkia wa njano anauzwa akiwa wa kidole lakini anafika sentimita 30, hakuna kifaa chochote utakachoning'iniza nyuma kitakachomfanya aenee humo, na anayemuuzia mtu wa muzigo anajua anachofanya.

Mhariri, mkiwa na ukurasa wa nyumbani wapeni wasomaji maswali mawili ya kubeba dukani: umeme ukikatika saa sita mfululizo hiki kifaa kitakuwa kinafanya nini, na siku ya kukiosha nitakimwagia wapi. Muuzaji akiwa na majibu kaa naye mpatane bei. Akianza kukuonyesha taa za bluu, vaa viatu uende duka linalofuata.

Ni mimi msomaji wenu,
Kampala