Vyeo vya zamani vipewe maelezo kamili katika kamusi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie watunzi wa kamusi zetu, hasa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), kuhusu maneno yanayotaja vyeo vya zamani vya jeshi, vya chomboni na vya utawala. Maneno hayo mengi bado yamo kamusini, lakini maelezo yake ni mafupi mno: huyu ni kiongozi, yule ni mtawala, na msomaji anafunga kitabu bila kujua nani alimwamrisha nani, wala chini ya serikali ipi.

Tumtazame akida. Zamani, katika miji ya pwani, akida alikuwa kiongozi wa kikosi cha askari. Wajerumani walipotawala walimgeuza kuwa mtumishi wa serikali, wakamweka juu ya majumbe wa vijiji vingi na chini ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa Kijerumani wa wilaya, akikusanya kodi na kuamua kesi ndogondogo. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani waliopelekwa bara kutawala watu wasiowajua, na chuki dhidi yao ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwanafunzi anayesoma kwamba maakida walishambuliwa, naye kamusi imemwambia kuwa akida ni mkuu wa askari, atadhani habari hiyo ni ya askari kupigana na askari, ilhali kiini chake kilikuwa kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Katika Biblia, tena, akida ni yule ofisa wa Kirumi wa Kapernaumu aliyeomba mtumishi wake aponywe. Watu watatu mbalimbali wanabeba jina moja, na kamusi ina wajibu wa kuwatenganisha.

Diwani naye ana shida kama hiyo. Leo ni mwakilishi wa kata katika halmashauri, lakini katika miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Zanzibar, ya karne ya 19 diwani alikuwa mtawala mwenyewe. Anayesoma barua ya wakati huo bila kuelezwa hivyo atamshusha mtu mkubwa hadi cheo cha uchaguzi wa kata. Liwali, aliyekuwa gavana wa Sultani wa Zanzibar katika miji kama Mombasa na Lamu, wasomaji wengi wa leo wanamjua kwa habari za Pilato tu. Sheha, kwa bahati njema, bado yuko kazini Zanzibar, akiongoza shehia yake, eneo dogo la utawala.

Upande wa jeshi, upungufu ni mkubwa zaidi. Ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliandikisha askari wengi wa Kisudani kutoka Misri, nao wakaja na vyeo vya jeshi la huko, vyenye asili ya Kituruki: ombasha, aliyelingana na koplo, na shaushi, aliyelingana na sajini. Juu yao alikuwapo efendi, na kutokana na neno hilo tumepata afande, ambalo askari hulitamka kila siku mbele ya mkubwa wake ingawa si cheo tena. JWTZ, lililoundwa mwaka 1964, lina vyeo vyake, na hivyo pia vinastahili maelezo ya kutosha. Luteni usu na koplo usu ni vyeo vya daraja iliyo chini kidogo ya luteni na koplo, na sajinitaji anaitwa hivyo kwa ile taji iliyo juu ya mistari mitatu ya sajini. Hayo yaandikwe sasa, wenye kuyajua wangali miongoni mwetu.

Kuhusu bahari, nahodha tunamjua, ingawa vijana wengi wanamjua uwanjani kuliko jahazini, na rubani amehamia angani ilhali kazi yake ya awali ilikuwa kuongoza vyombo majini. Serahangi, msimamizi wa mabaharia chini ya nahodha, karibu amesahaulika. Yupo pia mwalimu wa chombo, mjuzi wa nyota na njia za bahari. Wareno walipompata mwongozaji Malindi mwaka 1498 wa kuwavusha hadi India, waliandika jina lake likianza na Malemo, ambalo si jina la mtu bali ni hicho cheo cha mwalimu walivyokisikia.

Ninajua nitajibiwa kwamba kamusi si kitabu cha historia. Sidai historia ndefu. Ninadai mambo mawili tu katika kila kidahizo (neno linaloelezwa kamusini): utawala uliokitumia cheo hicho, na cheo kilichokuwa juu yake au chini yake. Ombasha akielezwa kuwa askari mwenye cheo cha koplo katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya shaushi, hiyo ni sentensi moja na inatosha.

Kamusi ya 1939 iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson ilieleza maneno yetu kwa Kiingereza, kwa hiyo vyeo vikapimwa kwa vyeo vya Waingereza. Tangu TUKI, taasisi iliyoitangulia TATAKI, ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 tumeweza kujieleza wenyewe kwa Kiswahili, na kazi hii ni sehemu ya kujieleza huko. Naomba toleo lijalo lisitoke kabla watafiti hawajakaa na manahodha wa Lamu, Tumbatu na Kilwa, na kabla barua za Kiswahili za enzi ya Wajerumani, zilizojaa majina ya majumbe na maakida, hazijapekuliwa kwa ajili ya vidahizo hivi.

Msomaji wako,
Tanga