Berenike ya bibi na Berenike ya mjukuu

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, isipokuwa paa la jikoni linavuja na fundi hapokei simu. Mama Tumaini anakusalimu sana, na zile korosho ulizoahidi bado anazihesabu kuwa deni. Swali lako nimelipata. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu utanisikiliza nusu, nusu nyingine unasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili.

Unasema kitabu kimoja kinaiweka Berenike Misri, kwenye Bahari ya Shamu, na kingine kinasema Berenike ndiyo Benghazi ya leo, Libya. Unataka kujua mwongo ni nani. Hakuna mwongo, ndugu yangu. Zilikuwa mbili, na ukichimba zaidi utazikuta hata nne. Wewe mtu wa Kilwa ndiye wa mwisho kushangaa: mtu akikuambia anakwenda Kilwa, si unamuuliza kwanza kama ni Kisiwani, Kivinje au Masoko? Ila Kilwa zenu ni majirani. Miji ya Wagiriki yenye jina moja ilitawanyika kuanzia Italia hadi mlango wa Bab el-Mandeb, mwisho wa kusini wa Bahari ya Shamu.

Nianze na ile ya Misri, ambayo naiita Berenike ya bibi, sababu utaiona. Iko kusini kabisa, si mbali na mpaka wa Sudan. Aliianzisha Ptolemaio wa Pili, mfalme wa Misri wa nasaba ya Kigiriki, yapata mwaka 275 KK, akaipa jina la mama yake. Ukiitazama kwenye ramani utajiuliza mtu mwenye akili timamu anajengaje bandari jangwani, mbali na mto Nile, mahali ambapo hata maji ya kunywa ni taabu. Jibu ni upepo. Sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Shamu huvuma upepo wa kaskazini karibu mwaka mzima, na chombo kilichosheheni mzigo kikitoka kusini hutaabika mno kufika Suez. Ilikuwa nafuu kushusha mzigo Berenike, kuupakia ngamia, na kukata jangwa hadi Koptos, kwenye kingo za Nile. Plinio, Mroma wa karne ya 1, anasema safari hiyo ilichukua siku 12, na sehemu kubwa walikwenda usiku kwa sababu ya joto. Mchana walijipumzisha kwenye vituo vya njiani.

Na mzigo wenyewe wa mwanzo utaupenda: tembo, tena wazima! Mahasimu wa Ptolemaio, wafalme wa Syria, walikuwa na tembo wa vita kutoka India, na njia ya kwenda India waliishika wao. Basi naye akapeleka wawindaji kusini, kwenye pwani za Sudan na Eritrea za leo, wakakamate tembo na kuwapandisha merikebuni. Hebu fikiria kazi ya nahodha mwenye tembo chomboni katika bahari iliyojaa miamba. Faida yake haikuwa kubwa kama walivyotarajia. Mwaka 217 KK, kwenye vita vya Raphia karibu na Gaza, tembo 73 wa Misri walikutana na tembo 102 wa Syria, na wale wa Afrika wengi wao wakageuza njia. Mfalme wa Misri, mjukuu wa mwanzilishi wa Berenike, alishinda vita ile kwa askari wa miguu.

Biashara ya tembo ilipopoa, bandari haikufa. Ilinenepa. Zama za Warumi ilikuwa mlango wa kwenda India. Wanaakiolojia walioanza kuchimba pale mwaka 1994 walikuta mtungi wa Kihindi umefukiwa kwenye uwanja wa hekalu la Serapis, ndani yake pilipili manga inayokaribia kilo 7 na nusu. Wakakuta mbao za msaji, makaburi ya paka na nyani waliofugwa, na mwaka 2022 ikatoka sanamu ya Buddha. Buddha, Misri! Ukiwaambia wanafunzi wako watadhani unatunga.

Hapo ndipo na sisi tunapoingia. Kile kitabu cha mabaharia tunachowafundisha kila mwaka, Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mtu asiyetaja jina lake, kinaanza safari zake Myos Hormos na Berenike, bandari za Misri. Kisha kinashuka pwani ya Wasomali, kinaingia Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, hadi soko la mwisho, Rhapta, ambalo wengi huliweka kwenye pwani ya Tanzania. Mle mna pembe za ndovu, mna vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, mna manahodha Waarabu wa Muza, bandari ya Yemen, waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Kwa hiyo ukiwa darasani Kilwa, Berenike inayokuhusu ni hii ya bibi. Ya Libya haikuwahi kumwona mtu wa Azania akipita kwenda Rhapta.

Sasa ya mjukuu. Pale Benghazi palikuwa na mji wa Kigiriki wa zamani zaidi, Euesperides, uliokaa kando ya wangwa. Wangwa ule ukajaa mchanga, vyombo vikawa haviingii, na katikati ya karne ya 3 KK watu wakahamishiwa karibu na bahari. Mji mpya ukaitwa Berenike. Lakini huyu si yule Berenike wa kwanza. Huyu alikuwa binti wa Magas, mtawala wa Kurene, mji wa Kigiriki kulekule Libya, aliyeolewa na Ptolemaio wa Tatu. Na Magas mwenyewe alikuwa mtoto wa Berenike yule wa kwanza, kwa mume wa kabla. Umeona? Bandari ya Bahari ya Shamu ina jina la bibi, bandari ya Libya ina jina la mjukuu wake. Kumpa mtoto wa kike jina la bibi yake hata kwenu wanafanya, na Wagiriki nao ndivyo walivyokuwa, ila kwenu jina linaishia kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mjukuu huyu ndiye wa ile hadithi ya nywele. Mumewe alipokwenda vitani Syria mwaka 246 KK, aliweka nadhiri kwamba akirudi salama atakata nywele zake azitoe hekaluni. Mume akarudi, nywele zikakatwa, kesho yake hazionekani. Konon, mnajimu wa jumba la mfalme, akatoa maelezo yaliyomwokoa kila mtu: zimepaa mbinguni, zile pale, kundi lile la nyota. Mpaka leo wanaastronomia wanaliita Nywele za Berenike. Sijui kama kuna mlinzi wa hekalu aliyewahi kuokolewa vizuri kuliko yule.

Hamisi, chukua sasa atlasi uweke kidole kwenye pwani ya Libya. Kutoka Benghazi kwenda mashariki, mwendo wa kilomita mia na kidogo, utapita bandari tatu: Berenike, kisha Taukheira ya zamani, iliyopewa jina Arsinoe, kisha bandari ya Barka, iliyoitwa Ptolemais. Sasa hamisha kidole kwenye Bahari ya Shamu. Kaskazini, karibu na Suez, Arsinoe. Ukishuka, Berenike. Ukizidi kushuka, pwani ya Sudan, Ptolemais ya Mawindo, kambi ya wale wakamata tembo. Ukifika Bab el-Mandeb unakuta tena Arsinoe nyingine na Berenike nyingine. Majina yaleyale matatu, bahari mbili tofauti. Mtu akisema jana nilikuwa Ptolemais leo niko Berenike, hujui kama alipigwa na mawimbi ya Mediteranea au na jua la Nubia.

Majina hayo ni ya watu wa nyumba moja. Ptolemaio ni baba na mwana na mjukuu, wote jina moja. Berenike ni mama. Arsinoe ni dada yake Ptolemaio wa Pili, tena baba mmoja mama mmoja, aliyekuja kuwa mke wake pia (hilo waachie Kidato cha Tano). Huyu Arsinoe ndiye aliyepewa miji mingi kuliko wote. Ipo ya Kupro, na si moja. Ipo ya Kilikia. Ipo kwenye kisiwa cha Keos. Ipo Methana, Peloponnesos. Wanahistoria wengine husema ni mapenzi ya mume. Mimi naona ni mhuri. Kila mahali merikebu zake za vita zilipohitaji maji, kuni na gati, aligonga jina la familia yake, na nahodha yeyote aliyetia nanga alijua yuko kwa nani.

Ila mhuri haukushika kila mahali. Najua hupendi nikikunukulia Biblia, lakini hapa nivumilie, maana ni ushahidi wa kihistoria. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 21. Mstari wa kwanza, Paulo anafika Patara, bandari ya Likia, kusini mwa Uturuki ya leo. Ptolemaio wa Pili aliutengeneza mji ule na kuuita Arsinoe. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema wazi kwamba jina la zamani ndilo lililoshinda. Miaka mia tatu baadaye, Paulo anashuka Patara kama vile hakuna mfalme aliyepita. Kisha mstari wa saba wa sura hiyohiyo, anafika Ptolemais, ambayo asili yake ni Akko, kaskazini mwa Haifa. Pale jina la mfalme lilikuwa bado limeshika. Lakini kamuulize mtu wa pale leo: Akko. Na ile Arsinoe ya Libya leo ni Tokra, jina lake la kale limerudi. Jirani yake Ptolemais ndiyo pekee iliyobaki na mfalme wake: wanaiita Tolmeita.

Kuna aina ya pili ya majina pacha, na hii haihusiani na wafalme hata kidogo. Ni watu waliohama wakabeba jina la kwao. Mwaka 734 KK hivi, Wagiriki kutoka Khalkis, mji wa kisiwa cha Eubea, walitia nanga mashariki mwa Sicilia, mji wao wa kwanza kisiwani, wakauita Naxos. Kwa nini Wakhalkis watumie jina la kisiwa kisicho chao? Hellanikos, mwandishi wa karne ya 5 KK, anasema Wanaxos walikuwemo safarini. Sarafu zinamuunga mkono: kisiwani Naxos walichora zabibu na kikombe cha divai, na Naxos ya Sicilia nao wakachora Dioniso, mungu wa divai, upande mmoja, kichala cha zabibu upande wa pili. Mji ule wa Sicilia ulibomolewa mwaka 403 KK na Dionisio, mtawala wa Sirakusa.

Lakini ninayoipenda zaidi ni ya Kyme, ile ya Italia karibu na Napoli, ambayo Warumi waliiita Cumae. Makundi mawili yalikwenda pamoja, watu wa Khalkis na watu wa Kyme, kila kundi na kiongozi wake. Strabo anaeleza walivyokata shauri: mji uhesabiwe koloni la Khalkis, ila jina liwe la Kyme. Mmoja kapata mji, mwingine kapata jina. Ajabu ni kwamba wataalamu hadi leo wanabishana Kyme mama ni ipi, ile ya Eubea au ile ya Aiolia, pwani ya Asia Ndogo, kwa sababu nayo zilikuwa mbili.

Na usidhani wenyewe hawakuchanganyikiwa. Katika karne ya 1 KK mtu mmoja aliona usumbufu umezidi, akaandika kitabu kizima juu ya miji yenye majina yanayofanana. Kitabu kimepotea, tunakijua kwa waliokinukuu. Jina lake ni Demetrio wa Magnesia. Sasa uliza: Magnesia ipi? Asia Ndogo peke yake zilikuwepo mbili, moja kwenye mto Meander na moja chini ya mlima Sipylos, bado hujagusa wilaya ya Magnesia kule Thesalia. Nilicheka peke yangu nilipoliona hilo.

Watu wa kawaida walitatua kama mnavyotatua nyinyi, kwa kuongeza neno. Laodikia ya Baharini, ambayo leo ni Latakia ya Syria, ili isichanganywe na ile ya bara iliyo kwenye Ufunuo. Heraklea ya Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, iliyoanzishwa na watu wa Megara, ambayo Waturuki wanaiita Ereğli. Darasani ningekushauri hivyo hivyo: usikubali mwanafunzi aandike Berenike tupu kwenye mtihani. Aandike ya Bahari ya Shamu au ya Libya, asipoandika mkate maksi.

Kuhusu Apollonia uliyoitaja mwishoni mwa barua yako, sitaki hata kuianza usiku huu. Ipo Albania, ipo Bulgaria, ipo bandari ya Kurene, ipo Palestina, na Paulo kapita nyingine tena Makedonia. Niambie kitabu chako kinaitaja ukurasa gani na kinazungumzia bahari ipi, nitakujibu.

Msalimie shemeji na watoto. Saidi mwambie ile ramani ya Bahari ya Shamu nitamtumia na basi la Jumatano, ikiwa kondakta ni yule anayetujua.

Wako,
Elias

Tena: korosho ziwe zimebanguliwa. Mama Tumaini amenisimamia hapa mpaka niandike.