Mheshimiwa, picha ile si ya "zamani" tu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Juzi nilikuwa namsubiri mgeni kwenye hoteli moja hapa Mji Mkongwe. Ukutani wametundika picha ya Beit el-Ajaib, lile jumba la masultani, kubwa kama mlango, na chini yake maneno matatu: "Zanzibar ya Zamani". Nikamuuliza kijana wa mapokezi ni ya mwaka gani. Akacheka. "Zamani tu, mjomba."

Lakini picha ile inajitaja umri wenyewe. Mnara umesimama peke yake, mbali na jumba. Basi imepigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipolipiga kasri la sultani kwa mizinga, kwa muda usiotimia hata saa moja, na Sayyid Khalid, aliyekuwa amejitangaza sultani, akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Mnara ukaanguka, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, nalo halikupona. Jumba lilipotengenezwa upya ndipo mnara mwingine ukapachikwa usoni pake, huu tuliokua tukiuona sisi. Baadaye Waingereza wakalifanya ofisi za serikali.

Sultani Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 likiitazama bahari, mgeni alione kabla hajatia nanga. Wapiga picha nao walimtii: nyingi ya picha zile zimepigwa kutokea majini. Walioshinda wakapiga zao. Ipo moja ya askari wa Kiingereza nje ya kasri, wamejipanga na mzinga walioteka, utadhani timu iliyochukua kombe. Hiyo sijaiona hotelini.

Mheshimiwa, tangu sehemu ya mbele iporomoke Disemba 2020, na roho za watu zikapotea, tunaambiwa jumba litarudi kama lilivyokuwa. Lilivyokuwa lini? Sisemi mnara uondolewe. Nimeuzoea, na bila huo Forodhani, bustani ya mbele yake, naiona kama imeng'oka jino. Ninachoomba ni kwamba likifunguliwa, mlangoni zitundikwe picha tatu pamoja: ya mnara ulio peke yake, ya askari na mzinga wao, na ya kifusi cha 2020. Kila moja iandikwe mwaka, nani alikuwa akitawala, na kamera ilisimama wapi.

Na ikipatikana hata moja inayoonyesha mafundi na wapagazi waliobeba mawe yale, hiyo itangulie.

Wako,
Mkaazi wa Mji Mkongwe