Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Ualimu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Risala ndefu huchosha, hivyo tumechagua jambo moja tu: mwalimu kujiweka katika nafasi ya mwanafunzi wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mmoja wetu alikuwa na mwanafunzi aliyezua fujo kila kipindi cha kusoma kwa sauti. Alimtoa nje mara tatu. Mara ya nne alimwita pembeni, akamuuliza kulikoni, kisha akanyamaza kungoja jibu. Kumbe mtoto ana kigugumizi. Alikuwa akihesabu aya, na zamu yake ikikaribia anachokoza ugomvi ili afukuzwe kabla hajachekwa. Adhabu yetu ndiyo iliyokuwa kimbilio lake! Wakakubaliana awe anaambiwa aya yake siku moja kabla. Hakugeuka msomaji hodari, la. Ila fujo zilikwisha, akabaki darasani.

Mwaka 2016, mwanasaikolojia Jason Okonofua na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule 5 za California, Marekani. Walimu 31 wa hisabati walifanya zoezi fupi kwenye kompyuta, na baadhi yao walisoma na kuandika kuhusu umuhimu wa kumwelewa mwanafunzi anapokosea. Mwaka ule, waliosimamishwa masomo miongoni mwa wanafunzi wa walimu waliosoma kuhusu kumwelewa mwanafunzi walikuwa takriban asilimia 4.8; kwa wale walimu wengine katika utafiti huo, asilimia 9.6. Zoezi lenyewe halikuchukua hata siku nzima.

Hata kungoja jibu ni sehemu ya kumwelewa mtoto. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kuwa walimu wengi, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3, majibu yalirefuka na waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Tulipojaribu wenyewe, sekunde hizo 3 zilikuwa ndefu ajabu.

Hatusemi makosa yaachwe. Aliyemuumiza mwenzake lazima awajibike, lakini aulizwe kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugumu upo. Darasa likijaa, mwalimu hata majina hayashiki. Mengine tunayoambiwa ni mazito: kipigo nyumbani, msiba, kukata tamaa. Mwalimu hubaki nayo moyoni, na hatukufundishwa ayapeleke wapi. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata:

chumba cha faragha cha kuzungumzia na wanafunzi, maana ukumbini siri haikai;

muda zaidi wa somo la unasihi, hasa kwa vitendo;

na mnasihi ambaye mwalimu mwenyewe anaweza kumwendea akilemewa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu.