"Hela imeingia": habari au swali?

Mhariri,

Ubishi wa kupiga simu au kutuma meseji kwa kawaida huishia kwenye bei ya vifurushi. Lugha yenyewe husahaulika. Kiswahili huuliza kwa sauti: "Hela imeingia" na "Hela imeingia?" ni maneno yale yale. Kwenye simu kiimbo ndicho kinachotofautisha. Kwenye meseji kazi yote ni ya kialama kimoja ambacho wengi hawakiandiki. Mwenye mzigo akisoma "Hela imeingia" huruhusu gari liondoke, kumbe mnunuzi alikuwa anauliza. Anza na "je", hata kama unaona unapoteza herufi.

"Sawa" nayo ina mashaka. Yaweza kuwa nimekubali, yaweza kuwa nimesoma tu. Kwa hiyo bei ipatanwe kwa kupiga, kisha aliyekubali aandike mwenyewe: "Sawa, mahindi gunia 40 za kilo 100, kupakia kesho Jumanne saa 2 asubuhi." Bila hizo kilo mtagombana sokoni. Bila "asubuhi", aliyezoea kusoma saa kwenye kioo cha simu atakuja saa nane mchana.

Namba za kutumiwa pesa usizitaje kwa mdomo. Tatu na tano huanza na silabi moja. Mtandao ukikwaruza linabaki "ta" tu, na pesa zinakwenda kwa mtu mwingine. Ziandike. Habari ya msiba, kinyume chake, hupigwa.

Kuhusu urefu: meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha moja tu inagawanyika, na kila kipande hubeba 153, kwa hiyo kifurushi kinakatwa meseji mbili. Ukiweka kikatuni cha kucheka, kikomo kinashuka hadi 70. Kinachowashangaza watu ni neno "ng'ombe": alama ya juu iliyonyooka haina tatizo, lakini baadhi ya simu huiweka iliyopinda, na hiyo moja yatosha kuishusha meseji nzima hadi 70. Ukiona kihesabio cha herufi kimeruka ghafla, tafuta hapo kwanza.

Meseji hupita hata pale ambapo simu inakatika kila dakika, kwa sababu ni ndogo na kituo cha mtandao huihifadhi na kujaribu tena mpaka ipokelewe au muda wake uishe. Ubaya ni huo huo: simu ya mwenzako ikiwa imezimwa, "Nisubiri stendi" itamfikia basi likiwa limeshaondoka. Taarifa ya "imepokelewa" nayo inathibitisha kuwa simu imeipata, haisemi kama mwenyewe ameisoma. La saa hii piga, asipopokea, andika.

Lililobaki ni meseji ya matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii". Inawanasa hasa wanaosubiri kulipa mtu kweli siku hiyo. Usiijibu, wala usipige namba iliyotumwa humo, maana atapokea tapeli huyo huyo. Mpigie unayedaiwa naye kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, umsikie sauti. Kisha namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Wafanyabiashara wa mazao,
Kibaigwa, Dodoma